Nililipa 300 Kuzima Taa, Nikalipa 127,000 Kununua Injini

Wasee, leo hakuna trendi. Leo tunaongea kuhusu taa ndogo ya manjano yenye umbo la spana, ile inayokaa kwenye dashibodi ya gari, na vile mimi niliizima. Hii stori nimeikalia karibu miaka miwili. Kuna watu hapa Kathiani wanaijua kwa njia moja, ile niliyowaambia mimi mwenyewe. Leo mnapata ile ingine.

Tuanze mwanzo. Mimi nilitoka chuo Januari 2022, nikiwa mwaka wa pili. Sikufukuzwa. Salio la karo lilikuwa linaongezeka, ujumbe wa kukumbushwa ulikuwa unaingia kwa simu kila wiki, na mimi nikawa nausoma nusu kisha nafuta. Siku moja niliacha tu kwenda. Nikarudi nyumbani na kamera moja, nikaanza kupiga picha na video za harusi na ntheo huku Ukambani. Mama yangu, ambaye namwita Mwaitu kama watoto wengi wa huku, hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja: "Utarudi. Mimi naweka kidogo kidogo kwa SACCO, wewe tafuta ya kula."

Katikati ya 2022 akachukua mkopo, tukanunua Mazda Demio ya 2015 iliyotoka Japani ikiwa na kilomita 62,000 kwa saa. Logbook ina jina lake. Mnajua sheria ya KEBS: gari ya mtumba ikiingia Kenya haifai kuwa imezidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Hii yetu ilikuwa na saba. Ilikuwa safi mpaka nikaogopa kuingia na viatu.

Skrini ilikuwa inaongea Kijapani. Kila nikiwasha, dada fulani ananiambia kitu kwa heshima kubwa na mimi najibu "sawa". Hivyo ndivyo wengi wetu tunaendesha magari: tunaambiwa vitu hatuelewi, tunajibu sawa.

Sasa hiyo taa. Ilikuja Septemba 2023. Kama mnakumbuka, huo ndio mwezi EPRA walitangaza bei tarehe 14 na petroli Nairobi ikavuka shilingi 200 kwa lita, ikafika 211. Mimi nilikuwa na kazi nyingi lakini kila shilingi ilikuwa inaingia kwa tangi. Gari ikasoma kilomita 81,000 na spana ikawaka. Manjano. Haipigi kelele, haiwakiwaki, imekaa tu hapo kama mgeni anayesubiri chai.

Nikapeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye amekuwa akifanyia watu wa soko letu magari tangu nikiwa mtoto. Simtaji jina, hata angekubali. Akaangalia, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Akanionyesha. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini na ilikuwa nyeusi.

"Kijana, hii ni sevisi. Ulifanya ya mwisho kwa 76,000. Kilomita elfu tano zimeisha."

Akanipigia hesabu kwa karatasi. Oili ya lita nne, 4,800. Filta ya oili, 700. Filta ya hewa, 900. Kazi yake, 1,000. Jumla 7,400.

Nikamuuliza hivi, na haya ndiyo maneno yangu kamili: "Fundi, si unaweza kuizima tu kwanza?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kuzima naweza. Lakini nikizima taa sijaweka oili."

"Najua. Zima tu. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Akaingia ndani, akabonyeza vitu viwili vitatu, spana ikapotea. Nikampa 300. Jioni Mwaitu akaniuliza kama gari imefanyiwa sevisi, maana aliiona ile taa tukienda kanisani. Nikamwambia ndio. Akaangalia dashibodi, hakuna taa. Akaamini.

Hapa ndipo nataka kila mtu anielewe, kwa sababu nimeongea na marafiki wengi na karibu wote wanafikiria kama nilivyofikiria. Tunadhani ile spana ni daktari, kwamba kuna kitu ndani ya injini kinaonja oili na kusema hii ni mbaya. Hapana. Kwa magari mengi madogo kama yangu, ile taa ni kihesabu tu. Mtu aliiweka: baada ya kilomita kadhaa, au miezi kadhaa, nikumbushe. Ikifika, inawaka. Ukiirudisha sifuri, inaanza kuhesabu upya hata kama hujagusa oili. Kuna magari yaliyoendelea zaidi, General Motors walianza na hiyo teknolojia mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo kompyuta inapiga hesabu kwa kutumia mizunguko ya injini na joto. Lakini hata hiyo inakadiria. Haiingizi kidole kwenye oili. Kidole ni chako.

Kwa hivyo taa ya spana ni ahadi mtu amejiwekea. Nilipoizima sikutengeneza gari, nilifuta ahadi.

Taa zingine ziko tofauti kabisa, na hii ndiyo sehemu ya kuweka kwa kichwa hata kama huna gari, kwa sababu siku moja utaendesha ya mtu. Rangi ndiyo lugha. Kijani na buluu ni habari tu. Kwa magari kama Demio na Vitz, asubuhi utaona kipimajoto cha buluu: injini bado ni baridi, usiikanyage sana mpaka ipotee. Manjano ni "nishughulikie karibuni". Ile yenye picha ya injini ni manjano pia. Ikikaa bila kuwakawaka, panga siku ya fundi aliye na mashine ya kusoma makosa, lakini ikiwa inawakawaka, injini inachoma vibaya na unaharibu vitu vya bei, punguza mwendo na utafute pa kusimama. Nyekundu ni "simama". Kipimajoto chekundu, simama. Birika dogo jekundu lenye tone mdomoni, simama, zima injini. Halafu ndio upige simu.

Hilo birika si kihesabu. Hilo lina kihisi cha kweli, linapima nguvu ya oili inayosukumwa ndani ya injini. Likiwaka ukiwa unaendesha, vyuma vinakaribia kusuguana vikavu. Watu wanasema, "Acha nifike kwanza hapo mbele." Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwisho wa mwezi ulifika na sikurudi kwa fundi. Oktoba ikapita. Novemba nikaenda kupiga video Kyamwilu, ile barabara ya Kituluni karibu na Machakos ambapo ukiweka gari fri inaonekana kama inapanda mlima yenyewe. Kila mtu wa huku ameshaenda na wageni wake. Wengine wanasema ni miujiza. Wanaopima wanasema ni macho yanadanganywa na umbo la vilima, barabara inateremka lakini wewe unaiona ikipanda. Mimi sikujali, mimi nilitaka views. Nikaacha injini ikiunguruma taratibu, nikaweka fri, nikapiga video kutoka kiti cha nyuma, dashibodi ikiwa kwenye picha. Ile video ilifanya vizuri kuliko zote za mwaka huo.

Baada ya siku mbili jamaa mmoja akaniandikia: "Boss, hiyo taa nyekundu inapepesa hapo ni ya nini?"

Sikumjibu. Nilirudi nikaangalia. Kwa sekunde ya 14 hivi, birika linawaka, linazimika, linawaka. Gari ikiwa imepata joto na injini inazunguka polepole, ndio wakati oili kidogo inajulikana. Ukikanyaga mafuta, pampu inasukuma zaidi, taa inapotea, na wewe unajiambia ilikuwa ni waya. Mimi nilijiambia ni waya. Kisha nikaweka muziki juu ya hiyo video na kuirudisha tena wikendi.

Desemba ni msimu wa ntheo. Jumamosi ya pili ya mwezi nilikuwa natoka Machakos na vijana wawili na vifaa, tunapanda kurudi huku, na familia ilikuwa inatusubiri. Kabla ya Mitaboni birika likawaka, na safari hii halikupepesa. Likakaa. Nikaona. Mmoja wa vijana akaona. Akasema, "Si tusimame?" Nikasema tumechelewa, ni dakika chache tu. Niliendesha kama kilomita tatu hivi. Kwanza ikaja sauti kama mtu anagonga sufuria na kijiko, polepole. Halafu haraka. Halafu gari ikakata nguvu kwenye mlima, na ikawa kimya ambayo siwezi kuieleza. Nikageuza ufunguo. Injini haikuzunguka hata kidogo.

Ilikuwa imesoma 85,300. Toa 76,000. Kilomita 9,300 bila kubadilisha oili, na bila kuongeza hata tone. Tulipomwaga kwa gereji, kwenye beseni ilitoka kama lita moja, nzito kama lami.

Sasa hesabu. Kuvutwa, 6,000. Injini nyingine ya mtumba kutoka Japani, 95,000. Kazi ya kutoa na kuingiza, 15,000. Oili, maji ya rejeta, mipira ya kushikilia injini na vitu vidogo, 11,000. Jumla 127,000. Gawanya kwa 7,400. Hizo ni sevisi 17 na chenji. Sevisi 17 ni kilomita 85,000, yaani kuzunguka dunia mara mbili na bado unabaki na safari za Mombasa.

Mwaitu alikuwa na 118,000 kwa SACCO. Ile ya "utarudi". Aliitoa yote. Elfu tisa zilizobaki aliziomba kwa chama. Bila gari mimi sina kazi, na bila kazi mkopo wa gari haulipiki, kwa hivyo hakukuwa na mjadala. Akaniuliza swali moja tu: "Si ulisema ilifanyiwa sevisi?"

Na mimi nikasema: "Fundi hakuweka oili vizuri."

Hilo ndilo nililokuja kuandika leo.

Mwaitu anajulikana sokoni. Hakumtukana yule mzee. Aliacha tu kumsalimia, na alipoulizwa kwa nini, akasema kile nilichomwambia. Wamama wa chama wana waume, waume wana Probox, na Probox za Kathiani hazilali, zinahitaji fundi kila wiki. Katika 2024 nilikuwa napita pale kwake naona nafasi ambayo zamani ilikuwa na magari matatu sasa ina moja, au hakuna. Nilikuwa nageuza uso. Nikapita na Demio yenye injini mpya, safi, hakuna taa yoyote.

Mapema mwaka huu nilikuwa natafuta kitu mlangoni mwa gari, kwenye fremu upande wa dereva, nikaona stika ndogo yenye Kijapani ambayo nilikuwa nimeiona mara mia bila kuisoma. Nikaipiga picha na simu ikatafsiri: kubadilisha oili. Kulikuwa na kilomita, tarehe, na mwaka ulioandikwa 3. Nikafikiria ni makosa. Kumbe Wajapani wana miaka yao, inahesabiwa kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, kwa hivyo Reiwa 3 ni 2021. Na chini yake kulikuwa na kilomita za kurudi tena: tano elfu mbele.

Nilikaa kwa hiyo gari muda mrefu. Kuna mtu huko Japani, simjui, hanijui, alikuwa anapeleka hii gari kubadilishwa oili mpaka karibu na siku aliyoiuza. Mimi niliimaliza na miezi mitatu ya uvivu. Nikaenda kwa mzee.

Nilimkuta ameketi kwenye tairi anakunywa chai. Nikamwambia, "Fundi, nimekuja kuomba msamaha. Nilimwambia mama ni wewe."

Hakushtuka. Akaingia ndani akatoka na kitabu cha shule, kile cha mistari, kimejaa mafuta kwenye kurasa. Akafungua akanionyesha. Septemba 2023, namba ya gari yetu, 81,000, halafu kwa mwandiko wake: "Kuzima taa tu. Mwenyewe amekataa oili. 300."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukumwonyesha mama?"

"Hakuniuliza. Angekuja kuuliza ningemwonyesha. Lakini kumfuata mtu sokoni nimwambie mtoto wako ni mwongo, hiyo kazi sifanyi." Akanywa chai. "Umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

Nilimwambia usiku huo jikoni, akiwa anachambua maharagwe ya isyo. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Nilidhani ataongea kuhusu zile 118,000. Hakuzitaja. Akasema, "Mwaka mzima nimepita kwa huyo mzee kama mti." Asubuhi akabeba sukari na unga akaenda kwake mwenyewe. Sikuitwa. Sijui waliongea nini. Najua Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alisimama na wamama wa chama akawaambia ukweli, na mimi nikiwa hapo nyuma yake nimebeba kiti. Magari yameanza kurudi pale kwa mzee. Si yote.

Sasa, nisiwaache bure. Haya ndiyo nafanya siku hizi.

Kila kilomita moja naitengea shilingi mbili. Nikimaliza kazi naangalia saa ya gari: nimeenda kilomita 60, natuma 120 kwa akaunti ambayo siigusi. Kwa kilomita 5,000 hiyo ni 10,000. Sevisi ndogo inalipwa, na kinachobaki kinangoja breki pedi, plagi, oili ya giaboksi, tairi. Ukilinganisha na petroli, shilingi mbili huihisi. Ukingoja 7,400 ije yenyewe, haiji, kwa sababu hakuna mtu huamka na 7,400 ya sevisi.

Fungua kitabu cha gari, au kitafute mtandaoni kwa aina ya injini yako. Mara nyingi utapata vipimo viwili: matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Vumbi, milima, safari fupi fupi, foleni, hayo yote ni magumu. Kwa hivyo ukiishi huku kwetu Iveti na Mitaboni, au ukikaa kwa jam ya Nairobi, usijidanganye na ile namba kubwa.

Ukinunua gari ya mtumba, geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za onyo zinafaa kuwaka, halafu ukiwasha injini zizime. Ile ambayo haiwaki kabisa ndiyo ya kuuliza. Kuna wauzaji wanaozima ukweli kwa kung'oa balbu, kama vile mimi niliuzima kwa 300.

Na kila Jumamosi, gari ikiwa baridi na kwenye tambarare, chomoa kijiti, pangusa, rudisha, chomoa tena, soma. Ni bure. Inachukua dakika moja.

Chuo sijarudi. Salio liko palepale, ujumbe bado unaingia. Tofauti ni kwamba siku hizi nausoma mpaka mwisho, na wiki jana nilipiga simu kwa mara ya kwanza tangu 2022 kuuliza ninaweza kulipa kwa awamu ngapi. Waliniambia. Ni pesa mingi. Nimeandika namba hiyo kwenye karatasi nikaibandika kwenye dashibodi, pale juu ya saa, mahali ambapo siwezi kuizima.